Kona ya Shemeji

Mimi sina ugomvi na ndugu wa mume. Nasema mapema, maana najua mtu akishasikia haya yote atasema mwanamke huyu hana moyo wa kukaa na watu. Ninao. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anakula kwangu karibu kila siku na sijawahi kumfunikia sahani. Lakini kwenye habari ya kujenga uzio, jamani, yule mtu alitaka kunitoa roho.

Watu wanamwita Inatosha, na jina hakupewa bure. Akipaka mlango rangi, ukingo wa juu anauacha, kwani nani atapanda kiti kuutazama? Inatosha. Akipiga plasta ukuta, sehemu itakayofichwa na kabati anairuka. Siku moja alinitengenezea meza ya jikoni yenye mguu mmoja mfupi, nikamwuliza, akachukua kipande cha tofali akakisukuma chini ya mguu, akarudi nyuma kuitazama kwa mapenzi kama mtu anayetazama mchumba. Tofali lile bado liko pale. Nikifagia nalizunguka, na kila nikilizunguka nasonya.

Sasa ngoja nieleze kwa nini uzio huu ulinichoma kuliko meza.

Jirani yetu wa bondeni ana fahali. Tunamwita Trekta. Hana kamba, hana mchungaji, anatembea apendavyo, na akikuta uzio haruki wala hatafuti mlango. Anaegemeza kifua chake tu, taratibu, anasukuma huku anacheua, mpaka nguzo zinalala zenyewe. Nikimwambia jirani amfunge ng'ombe wake, anasema kesho. Mwaka juzi Trekta aliingia kwetu akampanda mtamba wangu ambaye bado alikuwa mdogo. Ulipofika wakati wa kuzaa, ndama hapiti. Daktari wa mifugo alivuta, mimi nikavuta, mume wangu akavuta huku machozi yanamtoka. Ndama tukampata, mama tukamkosa. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Wangu alizaa jike, akalipia kwa roho yake.

Huyo ndama ndiye Yatima. Nilimlea kwa chupa yenye chuchu ya mpira, kwa joto la mwili wangu, kwa kuamka na kulala tena. Mpaka leo akiniona ananifuata hadi mlango wa jikoni, anaingiza kichwa ndani, anapiga chafya kwenye vyombo vyangu safi. Na sasa naye alikuwa amefikia umri wa kutazamwa na madume. Daktari alikuja kumchanja, akampima nyonga kwa macho, akaniambia bila kupepesa: "Mama, huyu akipandwa mwaka huu na dume lile, utamzika kama ulivyomzika mama yake." Na msisahau, lile dume ndilo baba yake mzazi. Mnyama hana haya, lakini mwenye mnyama je?

Basi Yatima nikamfungia bandani, nikamkatia majani, na nikatangaza kwamba upande wa chini wa shamba utajengwa uzio wa waya, uzio wa kweli, si yale matawi makavu tuliyokuwa tumerundika.

Ningejenga mwenyewe. Baba yangu, marehemu, alifunga waya kwenye mashamba ya watu maisha yake yote, na pande tatu za shamba letu bado zimesimama kwa mkono wake. Mimi nilikua nikimshikia misumari. Lakini bega langu la kulia liliteguka nilipoteleza na ndoo za maziwa, na nikakatazwa kuinua chochote kizito kuliko sufuria. Mume wangu akasema kazi atapewa mdogo wake.

"Nani?" nikauliza, ingawa ana mdogo mmoja tu.

"Damu nzito kuliko maji, mama watoto."

"Sikatai. Lakini damu haikazi waya."

Mume wangu ni mtu mwema, na wema wake ndio unaonizeesha. Akikuta watu wanagombana anakaa katikati na kuwapa pole wote wawili. Kazi ikaenda kwa shemeji.

Niwaambie kitu kimoja kuhusu uzio, halafu mtanielewa. Uzio ni kona. Hizo nguzo za katikati zinabeba waya tu, hata mti mwembamba unafaa. Lakini waya ukishakazwa unavuta usiku na mchana, hauchoki, haulali, na mvuto wote unaishia kwenye nguzo ya kona. Kona ikilegea, umetandaza kamba ya kuanikia nguo. Na kona yetu ya chini, ile iliyopakana na jirani, nguzo yake ya zamani ilikuwa imeliwa na mchwa mpaka imebaki ganda. Kwa hiyo kazi nzima ilikuwa pale.

Nikamwambia shemeji: shimo lifike kiunoni. Akachimba mpaka akakutana na jiwe, shimo likiwa halijafika hata gotini, akasimamisha nguzo, akajaza kokoto, akashindilia kwa kisigino. Nilikuwa nimekwenda kupeleka maziwa. Niliporudi nikamkuta ameshakaza waya wa kwanza na amekaa kwenye kivuli anapiga soga na mume wangu. Ile nguzo ilikuwa imeinama kuelekea kwenye waya kama mlevi anayetaka kukwambia siri.

"Shemeji, ile nguzo imeinama."

"Imeinama kidogo tu, shemeji."

"Wakati bado kuna nyuzi nne za kukaza!"

"Zitasaidiana."

Zitasaidiana! Nikageuka kumtazama mume wangu. Mume wangu akatazama viatu vyake.

Akaing'oa. Jiwe likapasuliwa kwa mtaimbo, na hapo nitakuwa mkweli, kupasua jiwe anajua, ana mikono ya chuma yule. Shimo likafika kiunoni. Nikaanza kuwa na matumaini, na hilo ndilo lililonikosesha, maana siku ileile alisimamisha mti wa kuegemeza nguzo isianguke, akausimamisha upande wa nje. Waya unavuta ndani, yeye ameegemeza nje! Ni sawa na mzee anayeangukia mbele, wewe umempa mkongojo umchome mgongoni. Nikamweleza. Akanisikiliza vizuri sana, akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa, na mimi nikaenda kukamua. Sikio la kufa halisikii dawa. Akakaza nyuzi zote na mkongojo wake uko palepale nje, na jioni, tukiwa tunanawa mikono tule, tukasikia kule chini kitu kimelia kama mlango mkubwa uliofungwa kwa hasira. Kona ilikuwa imelala chali. Na kwa kuwa uzio wa baba yangu nao ulikuwa umefungwa pale, upande ule wote ukalegea.

Mume wangu ananijua, nikinyamaza anaogopa zaidi. Nilikula chakula changu, nikanawa, nikaenda bandani kwa Yatima nikakagua komeo la mlango, kisha nikalikagua tena.

Asubuhi tukakuta kinyesi kibichi cha ng'ombe karibu na tanki la maji, kikubwa kama sinia. Trekta alikuwa ameingia.

"Usijali, shemeji," akasema Inatosha, ambaye alikuwa ametutangulia kuamka. "Nimeshamfukuza. Nimemkuta hapa nikamtupia mawe, amekimbia kama kuku."

Nikamshukuru. Naapa nilimshukuru, tena kwa moyo. Kisha nikamwambia leo sipeleki maziwa, atapeleka mume wangu, na mimi nitakaa pale konani kwenye kiti mpaka kazi iishe.

"Unanilinda?"

"Nakulinda wewe, nalinda na kona."

Akacheka. Mimi sikucheka.

Siku ile nilimsimamia kama mwalimu wa zamu. Nguzo ya kona ikasimama, ikashindiliwa udongo kidogo kidogo, si kwa kisigino, kwa mtaimbo. Nguzo ya pili ikasimama kando yake kwenye mstari wa uzio, na nyingine kwenye mstari wa uzio wa baba, maana kona inavutwa pande mbili. Kati ya kichwa cha kona na kichwa cha kila nguzo ya pili akalaza gogo, akalichimbia matundu likakaa bila kucheza. Yote vizuri. Nikaanza hata kusahau kusonya. Ikabaki kufunga waya wa mshazari, ule unaofanya nguzo mbili ziwe kitu kimoja, na hapo akaufunga kutoka kichwani kwa kona kushuka mguuni kwa nguzo ya pili.

"Geuza."

"Si ni mshazari tu? Mshazari ni mshazari."

"Geuza, shemeji."

"Hata huku unakaza. Tazama, umekaza!"

"Umekaza nini? Waya wa uzio unavuta kichwa cha kona, kichwa cha kona kinasukuma gogo, gogo linasukuma kichwa cha nguzo ya pili. Sasa nani anakishika kichwa hicho kisiende? Waya wako uko mguuni, umeshika mguu ambao hauendi popote! Anzia chini ya kona, panda mpaka kichwani kwa nguzo ya pili. Chini ya kona, kichwani kwa ya pili. Nikuimbie?"

Akanitazama. Akautazama waya. Jasho lilikuwa linamdondoka kwenye ncha ya pua na mikono yake ilikuwa imechubuka. Nilidhani atatupa plaizi chini aondoke, na ningemwelewa. Lakini akachuchumaa, akaweka kidole kwenye kichwa cha kona, akakipeleka kwenye gogo, akakifuatisha mpaka nguzo ya pili, polepole. Akasema, "Ahaa." Kisha akakata waya wote aliokuwa ameufunga, akaanza upya, pande zote mbili, bila kuambiwa upande wa pili. Akaingiza kijiti katikati ya nyuzi za mshazari akausokota mpaka ukalia.

Aliimaliza kona ile kwa namna ambayo sijawahi kumwona akifanya jambo. Alikaza nyuzi zote tano, na kila aliyoikaza alirudi kuipigapiga kwa fimbo na kutega sikio. Akashika nguzo kwa mikono miwili akaitikisa, akaweka bega akaisukuma. Nikainuka kwenye kiti changu nikaikagua mwenyewe. Nikatafuta kosa. Nikalitafuta kwa bidii, nisiwafiche. Sikulipata, na hilo nalo likaniudhi.

"Haya?" akauliza.

"Itafaa," nikasema.

Ninyi mngesema nini? Baada ya kuchoshwa vile ningeimba? Lakini niliona uso wake ulivyoshuka kidogo, akainama akaanza kuokota zana zake upande wa nje wa uzio, na mimi nikabaki upande wa ndani nimejishika bega.

Mume wangu alikuwa amerudi. Akapaza sauti toka kule juu, "Nimfungulie Yatima? Amelia tangu mchana!"

Kweli alikuwa amelia. Mimi nilidhani analilia majani. Mtu aliyefuga ng'ombe tangu utoto, nikadhani analilia majani!

"Mfungulie!" nikajibu.

Yatima akatoka bandani kwa mateke, akakimbia duara moja, mkia juu, kisha akainamisha kichwa kula. Nilifurahi kumwona. Halafu kule korongoni, ambako shamba letu lina vichaka vizito na maji kidogo chini, matawi yakatikisika, na kikatoka kichwa. Baada ya kichwa ikatoka shingo, na baada ya shingo likatoka lile libega ambalo hata ukiwa umelala usingizi utalitambua.

"Shemeji," nikasema. "Ulisema umemfukuza Trekta."

"Nimemfukuza."

"Ulimfukuza kuelekea wapi?"

"Kule vichakani."

"Vichaka vipi?"

Akanyoosha mkono. Akauacha mkono hewani, maana hata yeye sasa aliona.

"Vile vichaka ni vyetu, shemeji! Umemfungia ndani!"

Yatima akanusa, akainua kichwa. Hakuwa tayari bado, alikuwa ndiyo kwanza joto la kutaka dume linamwanza, naye alipoona lile jabali linamjia alifanya kitu kimoja tu anachokijua akiogopa. Alinikimbilia mimi.

Nikampigia kelele aende juu. Nikapunga mkono wa kushoto, nikatupa kiti. Mume wangu alikuwa anakimbia toka kule juu na kamba mkononi, lakini kutoka bandani mpaka kona ile ni mbali, na yeye si kijana. Yatima akaja mbio mpaka pale nilipo, pale konani kabisa, akanibana ubavu kwenye waya, akageuka huku, waya, akageuka huku, waya. Nyuma yake Trekta anakuja, wala hakimbii. Kwa nini akimbie? Tulikuwa tumemfungia kila kitu.

Nikaisukuma ile nguzo. Niliisukuma kwa bega zima na kwa bega bovu. Kona ya kwanza ingelala. Ile ya mkongojo wa nje ingelala hata kwa kupigiwa kelele, na Yatima angepita juu yake akaenda zake. Hii haikutikisika. Nilikuwa nimekaa siku nzima kwenye kiti kuhakikisha haitatikisika.

"Pita chini ya waya, shemeji!" akasema Inatosha. "Lala!"

Nikajitupa chini, nikajiviringisha chini ya uzi wa mwisho kwenda upande wake, na bega langu likanikumbusha madhambi yangu yote. Nilipoinua macho, plaizi ilikuwa mkononi mwake. Aliutazama waya mara moja, waya wake, kisha akakata uzi wa juu.

Waya uliokazwa ukikatwa hauanguki. Unarudi. Ule wa juu ulirudi kwa mlio ambao sitausahau, ukajikunja ukaenda zake kando ya uzio. Wa pili ulimrudia yeye. Ulimchapa mkono toka kwenye kiwiko mpaka kwenye kifundo, ukaufungua. Hakupiga kelele. Akaipeleka plaizi mkono wa kushoto, akajiandaa kukata wa tatu, na wakati huohuo Yatima akaona nafasi juu ya waya, akarudi nyuma hatua, akaruka. Kwato zake za nyuma ziligonga uzi wa tatu, ukatetemeka, akatua upande wetu kwa magoti, akainuka, akakimbia.

Trekta akafika. Akaweka kifua chake kwenye zile nyuzi tatu zilizobaki, akaegemea kama alivyozoea.

Tulikuwa hatua chache tu mbele yake, mimi chini, shemeji amesimama, damu inamchuruzika mpaka kwenye vidole. Nyuzi zikanyooka. Gogo likalia. Waya wa mshazari ukalia. Nguzo ya kona haikuinama hata unene wa kucha. Akasukuma tena, na tena, anapumua puani, macho yake yako kwa Yatima anayekimbia bondeni, na kona ile ikamkatalia. Mwishowe akaacha. Akainamisha kichwa, akaanza kula majani ya shamba langu.

Nililia, nisiseme uongo, nililia pale chini kwenye vumbi, na huku nalia nilikuwa namfokea mtu wa watu: "Glavu zako ziko wapi? Nani anakata waya uliokazwa bila glavu? Unataka mama mkwe aniambie nimemwulia mtoto wake?" Nikavua kitambaa cha kichwa nikaanza kumfunga mkono.

"Yatima amepona?" akauliza.

"Amepona. Nyoosha mkono."

Mume wangu akafika anahema, kamba bado iko mkononi, akaona nyuzi mbili zimekatwa, akashika kichwa. "Nani tena ameukata uzio jamani, si umekwisha sasa hivi?" Na kabla sijamjibu, jirani naye akatokea toka bondeni, mikono mgongoni, mtu ambaye hajawahi kuja kwetu hata tukimwita.

"Majirani," akasema, "mtamba wenu yuko kwangu, ananikanyagia mahindi. Watu wenye mifugo mnapaswa kuwa na uzio."

Mungu anisamehe kwa maneno niliyomwambia yule mzee. Mengine sikujua kama nayajua. Nilimwambia fahali wake yuko kwangu na kwangu atabaki mpaka yeye mwenyewe alete kamba, pete ya pua ya chuma na kigingi, leo, si kesho, na mtamba wangu atalala kwake, bandani kwake, na asipopewa maji nitakuja mimi. Akamtazama Trekta nyuma ya zile nyuzi tatu. Akageuka kwenda kutafuta kamba. Mume wangu akamfuata kumpa pole.

Tukabaki mimi na shemeji. Alikuwa amekaa ameegemea nguzo yake, amepauka midomo, anatazama zile nyuzi zilizojikunja. Aliijenga kona ile kwa siku nzima, kitu cha kwanza nilichowahi kumwona akikimaliza, na haikukaa hata saa moja kabla hajaikata kwa mkono wake, bila kuambiwa na mtu.

"Nyuzi mbili tu," akasema. "Kona haijaguswa. Nitaziunga."

"Najua."

"Ulisukuma, nilikuona. Ilitikisika?"

Nikakaza kitambaa. Damu ilikuwa imeanza kupungua.

"Haikutikisika," nikasema. "Ni kona nzuri, shemeji. Baba yangu asingeijenga vizuri zaidi."

Aligeuza uso, akaanza kulia kama mtoto, mtu mzima mwenye mikono ile, na mimi nikamwambia aache, ananichelewesha kufunga.